Kidukari wa Makao Mawili

Mkulima yeyote wa sukumawiki anawajua vidukari, wale wadudu laini wanaojazana chini ya jani na kufyonza utomvu wake hadi likajikunja. Duniani mna zaidi ya spishi 4,000 za vidukari, na takriban zote hutegemea mimea yenye mishipa ya kupitishia chakula. Wapo, hata hivyo, wachache wanaojipatia riziki kwenye kuvumwani, yaani ile mimea mifupi ya kijani itandayo kama zulia juu ya mawe na magogo yenye unyevu. (Jina lisimpotoshe msomaji: mmea huu si kuvu wala si mwani.)

Mashuhuri kati yao ni kidukari wa Uchina, Schlechtendalia chinensis. Wakati wa joto huishi kwenye Rhus chinensis, mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Jike mmoja huchokoza jani likafanya uvimbe, akafungika humo na kuzaa pasipo dume, kizazi baada ya kizazi, hata uvimbe ukajaa maelfu ya wadudu. Baridi ikaribiapo, mti hupukutisha majani ilhali kuvumwani hubaki kijani. Hapo uvimbe hupasuka, na vidukari wenye mabawa huhamia kwenye kuvumwani. Watoto wao hujifunika nta nyeupe na kuvumilia baridi humo. Miti ichipuapo, kizazi chenye mabawa hurejea mtini na kuzaa madume na majike wasio na mdomo wa kulia. Hao hupandana tu, na kila jike huzaa mtoto mmoja, ambaye huanzisha uvimbe mpya.

Safari hii si ya jana. Marekani Kaskazini yuko jamaa yake, Melaphis rhois, ambaye huhama vivyo hivyo. Mwaka 1989 mwanabiolojia Nancy Moran, akizingatia jinsi mimea hiyo ilivyotenganishwa baina ya mabara mawili, alikadiria kuwa uhusiano huu una umri wa miaka milioni 48.

Kwa Wachina, jambo hili si la vitabuni tu. Zaidi ya nusu ya uzito wa uvimbe mkavu huweza kuwa tanini, nao umetumiwa tangu kale kutengenezea dawa na rangi. Kwa hiyo wenye kuuvuna hawatoshelezwi na kupanda miti. Huotesha pia kuvumwani kivulini, wakaitunza isikauke, na kuwaachilia vidukari humo kabla ya baridi. Miti ikiwa mingi kiasi gani, pasipo kuvumwani karibu yake hapavunwi kitu.