Majina ya Vyombo Vipya katika Kihispania

Kila chombo kipya kiingiacho nyumbani hudai jina. Katika nchi zisemazo Kihispania dai hilo halikujibiwa kwa namna moja. Kompyuta huitwa ordenador huko Hispania, kwa kufuata neno la Kifaransa ordinateur lililobuniwa mwaka 1955. Watu wa Mexico na Argentina husema computadora, na wa Chile computador. Simu ya mkononi nayo ni móvil Hispania, bali Amerika ni celular. Akademia za lugha hiyo, zilizounda umoja wao Mexico mwaka 1951, hazikuchagua neno moja na kuyafuta mengine: kamusi yao huyapokea yote. Hivyo mfanyabiashara wa Madrid na mnunuzi wa Lima hutofautiana kwa jina la chombo, wala hawakosi kuelewana, kwa kuwa sarufi yao ni moja. Fundi huleta chombo. Jina lake huamuliwa na wasemaji.