Bibi na amarilisi

Mbele ya nyumba ya mapadre kuna amarilisi, lile ua jekundu lenye umbo la tarumbeta. Huota kutoka katika kitunguu, na kitunguu kikitunzwa huishi miongo mingi. Watunza bustani hutaja hata miaka 75. Maganda ya nje hukauka yakawa kama karatasi, mapya hutokea ndani, na ubavuni huota vitoto.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, maua yaliponyauka, niliagiza majani yakatwe ili bustani ipendeze. Msimu uliofuata halikutoka ua hata moja.

“Baba Paroko, majani ndiyo yanayolisha kitunguu,” aliniambia bibi aliyekipanda, kabla mimi sijapata upadrisho.

Mwezi huo huo nilikuwa nimeondoa jina lake kwenye kamati ya liturujia, eti tunahitaji damu changa. Hakulalamika. Jumapili ilipoimbwa Zaburi ya 92, inayowataja wazee wanaozidi kuzaa matunda, niliinama.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Nilimkuta uani, anapanda vitoto vitatu kwenye makopo, vya kuwagawia wanajumuiya.