iPhone au Android: Nani anashika ufunguo wa simu yako?

Ukienda kununua simu, maswali huwa yaleyale: kamera ikoje, chaji inakaa muda gani, bei inapungua? Swali moja husahaulika: ukishainunua, nani anaamua programu gani iingie na nani achukue taarifa zako?

iPhone: mlango mmoja, mlinzi mmoja

Fedha nyingi za Apple zinatokana na mauzo ya simu, si matangazo. Tangu toleo la iOS 14.5 litoke Aprili 2021, programu inayotaka kukufuatilia kwenye programu na tovuti nyingine lazima ikuombe ruhusa kwanza. Ukikataa, imekula kwake.

Shida ni kwamba mlinzi huyohuyo anaweza kukufungia. Katika nchi nyingi, programu za iPhone zinapatikana kwenye duka la Apple pekee. Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN kwenye duka lake la China, ikisema ni takwa la sheria. Oktoba 2019 ikaiondoa HKmap.live, ramani iliyotumiwa na waandamanaji wa Hong Kong kujua polisi walipo. Aliyetaka kuipakua kwenye iPhone hakuwa na duka jingine la kukimbilia.

Umoja wa Ulaya uliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine katika nchi wanachama, kuanzia Machi 2024.

Android: milango mingi, mlinzi ni wewe

Kwenye Android unaweza kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store kwa faili la APK. Duka likiiondoa, bado kuna njia.

Ila Google inaishi kwa matangazo, na mlango ulio wazi huingiza kila mtu. Wakopaji Kenya na Tanzania wanalijua hili: kuna programu za mikopo zilizokomba namba zote kwenye simu, kisha deni likichelewa, bosi na mama mkwe wanapigiwa.

Tangu 31 Mei 2023, Google imezizuia programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma namba na picha za mteja. Lakini ukipakua APK kwa linki uliyotumiwa WhatsApp, sheria hiyo haikuhusu.

Sasa uchague ipi?

Kama huna muda wa kusoma kila ruhusa, na mfuko unaruhusu, iPhone inakupunguzia kazi. Kama unaishi au unafanya kazi mahali ambapo programu inaweza kuondolewa kwa amri, mlango wa pili wa Android ni muhimu kuliko kamera nzuri.

Na kama tayari una Android, leo ingia kwenye Mipangilio, kisha Faragha, ufungue sehemu ya ruhusa. Angalia nani anasoma namba zako, mahali ulipo na maikrofoni. Programu ya tochi inataka majina ya ndugu zako ya nini? Ifute.