Petroli Iwekwe Katika Chombo Gani: cha Chuma au cha Plastiki?

Mtu mwenye pikipiki, au pampu ya kunyweshea shamba, au mashine ya kusagia iliyo mbali na kituo cha mafuta, mara nyingi hulazimika kuweka akiba ya petroli au dizeli. Hapo huzuka swali ambalo wauza vyombo sokoni hulijibu kwa bei tu: je, anunue mtungi wa plastiki ulio mwepesi, au jerikani la chuma lililo zito na ghali? Bei ni jambo la kufikiriwa, lakini si la kwanza.

Yafaa tufahamu kwanza tabia ya petroli. Kiwakacho si maji yake, bali ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Kisumu au Mombasa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea kama moshi, bali hutambaa sakafuni hata ukafika kwenye jiko lililo chumba cha pili. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka na watu wakaja na mitungi kuchota. Moto ukalipuka kati yao, na zaidi ya watu 100 wakafa. Basi chombo chema si kile kizuiacho petroli isimwagike tu, bali ni kile kizuiacho na mvuke usitoke.

Zamani petroli na mafuta ya taa yaliletwa Afrika ya Mashariki katika madebe ya bati ya galoni 4, mawili mawili katika sanduku la mbao. Debe lilifaa zaidi kwa kupimia mahindi na kuezekea nyumba kuliko kwa petroli, kwa kuwa bati lake lilikuwa jembamba na maungio yake yalivuja. Katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Afrika ya Kaskazini yalipoteza petroli nyingi kwa sababu ya madebe ya namna hiyo. Adui zao Wajerumani walikuwa na chombo cha chuma cha lita 20, kilichobuniwa mwaka 1937, chenye mishikio mitatu na kifuniko cha kubana kwa mkono pasipo spana. Waingereza waliviteka vyombo hivyo, wakavitumia, kisha wakaviiga. Na kwa kuwa askari wao walimwita Mjerumani “Jerry” kwa utani, chombo kikaitwa jerikani, jina ambalo leo twaupa hata mtungi wa plastiki usio na udugu nacho.

Sifa ya chuma ni kwamba mvuke haupenyi ukuta wake, jua haliudhoofishi, na likianguka hubonyea badala ya kupasuka. Adui yake ni kutu. Jerikani likikaa nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone usiku, na kutu huanza ndani usikoona, kisha ikaziba kabureta. Dawa ni kulijaza karibu na shingo na kuutazama mpira wa kifuniko kila mara. Lakini lisijazwe pomoni: lita 20 za petroli zikipata joto kutoka nyuzi 15 hadi 35 huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ya lita. Na mwenye dizeli asiweke katika chombo kilichopakwa zinki, maana zinki hiyo huiharibu dizeli.

Plastiki haipati kutu, wala haimchoshi mchukuzi. Walakini mvuke wa petroli hupenya polepole katika ukuta wake. Ndiyo maana viwanda vingine huutibu ukuta wa mitungi ya petroli ili kuupunguza upenyo huo. Jua nalo huifanya plastiki kuwa kavu hata ikapata nyufa. Tena plastiki haipitishi umeme, na petroli ikimiminika kwa nguvu huzaa umeme kwa msuguano, ambao ukikosa njia ya kwenda ardhini huruka kwa cheche. Kwa hiyo mtungi ujazwe ukiwa umewekwa chini, na mdomo wa bomba uuguse. Usijazwe juu ya kiti cha pikipiki wala ndani ya gari.

Kwa maoni yetu, petroli ya kukaa miezi iwekwe katika chuma, na plastiki iliyotengenezwa kwa petroli itumiwe kwa safari na akiba ya siku chache. Dizeli na mafuta ya taa, yasiyotoa mvuke mwingi, hukaa salama katika plastiki nzito iliyo kivulini. Lakini kwa kweli wengi hawatumii kimoja cha vyombo hivi viwili. Hutumia mtungi wa manjano uliokuwa na mafuta ya kupikia. Huo haukufanywa kwa petroli: ukuta wake ni mwembamba na kizibo chake hakizuii mvuke.

Hatari nyingine hutokea mtungi mmoja ukibadilishwa kazi. Petroli kidogo iliyobaki ikichanganyika na mafuta ya taa yatosha kulipua taa au jiko mbele ya watoto. Kila chombo na kiandikwe kwa rangi kilichomo, kisigeuzwe. Na mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe, kwa sababu akitapika mafuta huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.