Hospitali Kuukuu Katika Sinema za Kutisha

Miongoni mwa sinema zinazopendwa sana na vijana wa siku hizi ni zile za kutisha, na nyingi katika hizo zina hadithi moja: hospitali iliyoachwa ikaharibika, na mizuka iliyobaki ndani yake. Wanafunzi wengi wamekwisha kuziona, ama katika vile vibanda vya video viitwavyo vibanda umiza, ama katika simu za ndugu zao wakati wa likizo. Makala haya hayakuandikwa ili kuwakataza watu kutazama sinema. Kusudi lake ni kueleza jinsi hofu hiyo inavyotengenezwa, na kwa nini hospitali imechaguliwa kuwa nyumba yake. Jambo hili lina maana kwetu, kwa sababu hofu ya hospitali haikuanza na sinema, na katika nchi yetu imekwisha kugharimu maisha ya watu.

Hebu kwanza tuitazame hadithi yenyewe. Vijana wachache huingia usiku katika jengo kuukuu. Rangi imebambuka ukutani, vitanda vimeota kutu, machela imelala katikati ya korido. Taa ya mkononi yazimika, mlango wafungwa bila mtu kuugusa. Baadaye hujulikana kwamba hapo zamani wagonjwa waliteswa au walitupwa, nao sasa wanadai haki yao.

Mfano mmoja maarufu watoka Korea ya Kusini. Huko Gonjiam palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofungwa mwaka 1996. Watu wakazusha kwamba mganga mkuu alikuwa akiwaua wagonjwa. Sababu zilizojulikana za kufungwa kwake zilikuwa za kawaida kabisa, nazo ni taabu za fedha na za majitaka. Lakini uvumi ulishinda, vijana wakawa wanaruka ua usiku kwenda kuitazama, na mwaka 2018 ikatoka sinema yenye jina la mahali hapo. Mwenye jengo alikwenda mahakamani kuizuia, asifanikiwe. Jengo lenyewe likabomolewa mwaka huo huo. Na jambo la ajabu ni hili: sinema hiyo haikupigwa katika hospitali hiyo hata kidogo. Ilipigwa katika majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya ubaharia katika mji wa Busan. Korido zilizowatisha watazamaji wa nchi nyingi zilikuwa korido za wanafunzi kama sisi!

Basi hofu hutengenezwaje? Mafundi wa sinema wana vyombo vyao, na vilivyo vikubwa ni vinne.

Cha kwanza ni sauti. Mtazamaji hupewa kimya kirefu mpaka masikio yake yawe yanatafuta kitu cha kusikia, kisha ghafula hupigwa kishindo. Mwili hushtuka kabla akili haijafikiri. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga mbio, na viganja hutoa jasho. Ndivyo mwili ulivyoumbwa ili mtu aweze kumkimbia simba. Fundi wa sinema humwita simba ambaye hayupo. Ukitaka kupata ushahidi, izime sauti uitazame picha peke yake. Utaona hofu nyingi imekwenda zake.

Cha pili ni giza. Penye mwanga hafifu jicho haliwezi kutofautisha rangi wala kuona vizuri umbo la vitu, na ubongo hujaza mahali palipo tupu. Tena ubongo wa mwanadamu una tabia ya kutafuta nyuso. Ndiyo maana twaona uso katika mawingu, katika gome la mti, na katika shati lililotundikwa msumarini bwenini usiku.

Cha tatu ni kuficha. Mzuka ukionyeshwa sana huchekesha. Kwa hiyo fundi huonyesha mlango na mkono na kivuli, akamwachia mtazamaji amalizie mwenyewe, na kila mtu humalizia kwa kile anachokiogopa zaidi.

Cha nne ni mahali penyewe. Mbona hospitali, isiwe duka au ghala? Kwa sababu hospitali ni mahali ambapo mtu huja akiwa dhaifu, huvua nguo zake, hulala kitanda kisicho chake, na kukabidhi mwili wake kwa mtu asiyemjua. Na humo humo ndimo watu huzaliwa na kufa. Hapa kwetu Mbulu wazee wanalijua neno la Kiiraqw, metimani. Nyumba iliyofikwa na msiba, au yenye mama aliyejifungua, ilijitenga na majirani kwa muda uliowekwa, maana iliaminika kwamba mambo hayo makubwa mawili huacha kitu kisichofaa kuchanganywa na watu ovyo. Sasa tufikiri: hospitali ni nyumba ambamo kuzaliwa na kufa hutokea kila siku, chini ya paa moja, na wageni huingia na kutoka. Si ajabu basi kwamba hadithi ya mizuka ikiwekwa hapo hukuta moyo wa msikilizaji umekwisha kulimwa tayari.

Afrika ya Mashariki nayo ina sinema zake za namna hii. Mwanzoni mwa karne hii Bwana Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitengeneza sinema za mizuka na majini, kama Nsyuka na Shumileta, zikapendwa sana. Mwaka 2016 Bwana Mbithi Masya wa Kenya alitoa Kati Kati, ambayo ilipata tuzo ya waandishi wa habari za sinema katika tamasha la Toronto. Humo mwanamke aitwaye Kaleche azinduka porini, amevaa nguo za hospitali, asikumbuke neno. Afika katika nyumba ya wageni na kuambiwa kwamba wote waliopo wamekwisha kufa, na yeye pia. Sinema hiyo haina haja ya vishindo vingi. Wafu wake wanatishwa na mambo waliyoyatenda walipokuwa hai wasiyakiri. Hiyo ni hofu yenye mafundisho.

Lakini hadithi ya kutisha kuliko zote juu ya waganga na damu haikutengenezwa na fundi yeyote wa sinema. Ni hadithi ya mumiani. Hapo kale mumiani lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa utomvu, iliyosemwa kuwa yatoka Uajemi, na kutumiwa pwani kwa maumivu na mifupa iliyovunjika. Watu wakaamini kwamba ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Neno likahama kutoka dawa likawa jina la mtu anayewinda damu. Katika miaka ya ukoloni uvumi huo ulienea Tanganyika, Kenya na Uganda. Mahali pengine wanyonya damu waliitwa wazimamoto, na magari mekundu ya kuzimia moto yakaogopwa. Mganga mwenye sindano, mpimaji wa ardhi, mgeni mwenye gari usiku, wote waliweza kushukiwa.

Je, uvumi huo umekufa? La. Mwezi wa Oktoba 2016 watafiti wawili wa kituo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, walikwenda kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, kuchukua sampuli za udongo. Walizushiwa kwamba ni wanyonya damu, kundi la watu likawazunguka, wakauawa wote watatu. Mwaka uliofuata uvumi wa namna hiyo hiyo ulizuka kusini mwa Malawi, na huko pia watu kadhaa waliuawa. Hapakuwa na sinema wala fundi. Palikuwa na hofu tu, na vyombo vyake ni vile vile tulivyovieleza: giza, kelele, kitu kisichoonekana, na mgeni asiyejulikana. Tofauti ni kwamba sinema ikiisha watazamaji huenda kulala, lakini uvumi ukiisha huacha maiti na mayatima.

Kuna pia hofu inayoua kimya kimya. Tuchukue degedege. Mtoto anashikwa na homa kali, anatetemeka na kugeuza macho. Katika sehemu nyingi za nchi watu waliamini kwamba ni kazi ya pepo aliyemjia kwa umbo la ndege, na kwamba mtoto huyo akipigwa sindano atakufa. Kwa hiyo alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji, na hospitali ikawa ya mwisho. Kumbe mara nyingi ugonjwa wenyewe ni malaria kali, nayo haingoji. Mtoto aliyefikishwa wadini akiwa amechelewa alikufa huko, na majirani wakapata ushahidi wa uongo: “Mnaona? Hospitali imemwua.” Hivyo ndivyo hofu inavyojizalia ushahidi wake yenyewe.

Labda msomaji atauliza: je, jengo kuukuu halina hatari yoyote? Linazo, tena za kweli. Sauti zinazosikika usiku zina maelezo katika somo la fizikia: bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa kwa baridi ya usiku, na baridi ya Mbulu twaijua, basi hulia ta! ta! kama mtu anayetembea darini. Mengine ni popo, bundi, na upepo katika dirisha lililovunjika. Lakini sakafuni mna misumari na vioo. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni, huingia katika jeraha lenye uchafu, na kukaza misuli ya mwili mpaka mtu ashindwe kufungua kinywa. Wazee waliokiita kitu hicho pepo waliuona ukali wake, ingawa hawakuweza kukiona chenyewe. Pepo huyu hafukuzwi kwa ngoma wala kwa kukimbia. Huzuiwa kwa chanjo, na chanjo ipo hospitalini.

Tena tukumbuke kwamba hospitali haiharibiwi na mizimu. Huharibiwa na paa lisilozibwa, na fedha zisizotolewa au zinazopotea njiani, na watu wasiojali. Jirani yetu hapa, hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 ikiwa na vitanda 50. Leo vitanda vyake vimepita 400. Imedumu kwa sababu kizazi baada ya kizazi watu wameipaka rangi, wameitengeneza, na wameitumia. Jengo linalotumiwa na kutunzwa halina nafasi ya mzuka.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, mkipenda tazameni sinema hizo, lakini mkiwa na macho ya fundi: ulizeni sauti imetoka wapi, taa imewekwa wapi, nini kimefichwa. Wadogo zetu tusiwaonyeshe. Wao hawajui bado kutenga mchezo na kweli, na kesho watalia kwenye mlango wa zahanati. Wazazi nao tunawaomba wasiwatishe watoto kwa kusema “nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano,” maana mtoto aliyelelewa hivyo atakuwa mtu mzima anayengoja mpaka ugonjwa umshinde. Na siku tutakaposikia uvumi kwamba mgeni fulani kijijini ananyonya damu, tuwe wa kwanza kuuliza: nani amemwona, lini, na wapi? Maswali hayo matatu yangeulizwa kule Iringa Mvumi kabla ya kelele kupigwa, huenda watu watatu wangerudi kwao Arusha na udongo wao.