Kibali Kwanza, Msingi Baadaye
Tunamkumbusha mwananchi wa Kata ya Mahege, wilayani Kibiti, kwamba kumiliki kiwanja si ruhusa ya kujenga. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi iliyo katika eneo la mipango bila kibali. Katika ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 yalidhihirisha sababu. Mwombaji awasilishe michoro na uthibitisho wa umiliki, adai stakabadhi ya kila malipo, na asichimbe msingi kabla ya kupewa kibali cha maandishi.