Simu Imeibiwa Safarini? Pesa Zako Bado Hazijaenda

Ijumaa ya kufunga masomo, steji ya Sigalagala hapana pa kuweka mguu. Wanafunzi wa Sigalagala National Polytechnic wanatoka langoni wakivuta masanduku. Kuna wa Kakamega, kuna wa Butere, na kuna wengi wanaongoja matatu ya Kisumu ili kutoka huko waunganishe hadi Nairobi ama Mombasa. Makanga anaita, "Kisumu wawili, wawili twende!" na ukichungulia ndani gari halina hata abiria watano. Mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine umeshika simu, kwa sababu nauli siku hizi inalipwa kwa simu.

Sasa hebu jiulize: ndani ya hiyo simu kuna nini? Kuna nauli. Kuna pesa ya kodi ya chumba utakachokaa ukiwa kwa mafunzo kazini Mombasa. Pengine kuna karo ambayo mama ametuma jana jioni baada ya kuuza ng'ombe. Kuna pia mikopo ya simu ambayo hujaikopa bado, lakini mtu mwingine akishika simu yako anaweza kuikopa kwa jina lako.

Ndiyo maana tumeandika makala haya. Msimu wa safari ukifika, wateja hutupigia na swali moja: "Nimeibiwa simu, je, pesa zangu zimeenda?" Mara nyingi jibu letu ni: bado. Lakini harakisha.

Wizi mmoja, hatua mbili

Kwanza tuelewane juu ya jambo hili. Pesa zako haziko ndani ya simu, na wala haziko ndani ya laini. Ziko kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma. Simu na laini ni mlango tu, na PIN ndiyo ufunguo.

Kwa hivyo mwizi ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuchomoa simu mfukoni, na hiyo huchukua sekunde chache. Ya pili ni kuingia kwenye akaunti, na hapo anahitaji muda. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Huyu wa simu hahitaji arobaini, anahitaji dakika zako chache za kuchanganyikiwa. Ukizipunguza hizo dakika, amebaki na simu tu. Simu inauma, lakini karo imepona.

Mikono hufanya kazi wapi

Mtu wa Isukha ama Idakho anajua vizuri umati wa vita vya mafahali. Fahali wawili wakigongana pembe, macho yote yanaenda upande mmoja, na hakuna anayekumbuka mfuko wake. Mwizi wa mifukoni yeye haangalii fahali. Anaangalia wanaoangalia.

Miji ya kitalii ni hivyo hivyo, kwa sababu kila mahali kuna kitu cha kutazama. Mgeni akifika Mombasa lazima apigwe picha chini ya Pembe za Ndovu pale Moi Avenue, simu juu, mkoba wazi mgongoni. Akifika Nairobi anasimama karibu na Archives akitafuta rafiki aliyesema "nikute hapo", anageuka huku na huku, na yeyote anayemtazama anajua huyu ni mgeni. Hata Ulaya wanalia. Aprili 2013 jumba la makumbusho la Louvre kule Paris lilifungwa kwa siku moja kwa sababu wafanyakazi waligoma, wakisema wamechoshwa na wezi wa mifukoni wanaosumbua wageni. Na watu huenda pale kutazama picha ukutani, si fahali.

Huku kwetu, hizi ndizo sehemu za kuwa macho:

*Mlango wa matatu.* Msukumano wa kuingia ni mzuri sana kwa mwizi. Mmoja anakuzuia mbele akijifanya ameangusha kitu, mwingine anakusukuma nyuma, wa tatu anachomoa. Wakiisha, wote watatu "wameghairi safari." Ukiona watu wanang'ang'ania mlango wa gari ambalo halijajaa, rudi nyuma kidogo.

*Dirisha.* Foleni ya magari Nairobi ikisimama, simu iliyo mkononi karibu na dirisha lililo wazi hunyakuliwa na mtu anayepita kwa miguu. Huu ndio wizi mbaya zaidi, kwa sababu simu inaondoka ikiwa haijafungwa.

*Kushuka alfajiri.* Mabasi mengi ya usiku kutoka Magharibi huingia Nairobi mapema, abiria wakiwa na usingizi. Anatokea kijana mwenye heshima: "Mama, nikusaidie mzigo? Unaenda wapi?" Mizigo yako ibebe mwenyewe, ama mwite mtu wa kampuni ya basi aliye na sare.

*Feri ya Likoni.* Jioni watu hushuka kwa wingi, bega kwa bega. Mkoba uwe kifuani. Hakuna atakayekucheka, wenyeji wenyewe hufanya hivyo.

*Soko la siku kubwa.* Kibuye kule Kisumu siku ya Jumapili, ama Kongowea Mombasa. Lipa ukiwa umesimama kando, usilipe katikati ya msukumano.

Ujumbe unaosema salio lako

Kuna kosa moja ambalo karibu sisi sote hufanya. Umelipa nauli kwa simu, makanga anasema, "Hebu nione meseji." Unainua simu. Makanga anaona, na jirani wa kushoto anaona pia, kwamba umelipa nauli na umebaki na salio la shilingi elfu kumi na nane. Ujumbe wa malipo mara nyingi huja na salio. Umetangaza mfuko wako bila kujua.

Dawa yake ni rahisi. Funika mstari wa salio kwa kidole, ama msomee nambari ya malipo. Na hata kabla ya hapo, usisafiri na pesa zote kwenye akaunti unayolipia nauli. Bakisha za njiani na chakula. Zilizobaki ziweke kwenye akaunti ya kufungia akiba, ama umwachie mtu wa nyumbani unayemwamini akutumie ukishafika.

Na PIN? Ukiwa kwa ajenti ama ndani ya gari, ukiweka PIN geuza simu kifuani. Mwizi mwerevu huanza kwa macho. Akishaiona PIN ndipo anakufuata hadi kwenye msukumano.

Fanya haya kabla ya kutoka nyumbani

Haya yote yanaweza kufanyika ukiwa umeketi kwa kitanda chako hosteli, kabla hata hujafunga sanduku.

1. Weka PIN ya laini. Watu wengi hufunga skrini ya simu na kusahau laini. Mwizi hahitaji skrini yako. Anachomoa laini, anaiweka kwa simu nyingine, na kuanzia hapo meseji zako zote zinaingia kwake, pamoja na zile za nambari za siri za benki na barua pepe. Laini iliyo na PIN haitafunguka kwenye simu nyingine bila hiyo PIN. Utaipata kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Angalizo: laini huwa inakuja na PIN yake ya kwanza. Usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kuitisha PUK. Muulize mtoa huduma kwanza.

2. Badilisha PIN ya pesa kama ni mwaka wako wa kuzaliwa. Kitambulisho kiko kwenye pochi, pochi iko kwenye mkoba ule ule, na mwaka umeandikwa hapo. Umempa mwizi mlango na ufunguo kwa pamoja.

3. Futa picha ya kitambulisho na PIN ulizoandika kwa simu. Ile picha uliyompigia ajenti wa nyumba bado iko kwenye galari na kwenye WhatsApp. Akiwa na laini yako na nambari ya kitambulisho, mwizi ana majibu ya maswali mengi ambayo mhudumu angekuuliza wewe.

4. Ficha meseji skrini ikiwa imefungwa. Bila hivyo, nambari ya siri inayotumwa na benki inasomeka hata kama simu haijafunguliwa.

5. Kariri nambari mbili. Ya mtu mmoja wa nyumbani, na ya huduma kwa wateja ya mtoa huduma wako ukipiga kutoka mtandao mwingine. Ukikosa kukariri, iandike kwa karatasi na uiweke kwenye soksi. Tunasema kweli. Mtu akiibiwa simu ndipo anagundua kwamba hajui hata nambari ya mama yake.

6. Andika IMEI. Bonyeza *#06#, nakili nambari inayotokea, iache nyumbani. Polisi wataiulizia.

7. Gawanya. Noti chache mfuko wa mbele, kitambulisho mahali pengine, simu mahali pengine. Mfuko wa nyuma wa suruali si wako. Ni wa aliye nyuma yako.

Imeibiwa. Sasa fanya nini?

Kwanza, usimfukuze. Huenda ana wenzake, ama kisu. Na tafadhali usinyooshe kidole kwa mtu huku ukipiga nduru ya "mwizi!" wakati huna hakika. Tunajua umati wa mjini hufanya nini. Simu hununuliwa tena, lakini roho ya mtu uliyemdhania haitarudi.

Pili, ingia kwenye duka, benki, ama ofisi ya basi, na uombe simu. "Shikamoo mama, nimeibiwa simu sasa hivi, naomba nipige moja tu nifunge laini." Kenya hii watu wengi wameibiwa. Utasaidiwa. Usikubali simu ya yule "msamaria" anayejitokeza mwenyewe barabarani na kukuuliza PIN ili akusaidie kufunga. Hakuna anayehitaji PIN yako ili kufunga laini.

Tatu, fuata mpango huu:

Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako, useme laini imeibiwa, ifungwe pamoja na akaunti ya pesa. Utaulizwa jina, nambari ya kitambulisho, na pengine muamala wa mwisho uliofanya. Kama huwezi kupata mhudumu, tembea hadi duka lao lililo karibu.

Kisha piga simu nyumbani. Mwambie mtu mmoja asambaze kwa familia na kwa grupu za WhatsApp: "Simu ya fulani imeibiwa, mtu akiomba pesa si yeye." Hili watu husahau. Wezi wengi wakishindwa na PIN huanza kuwaandikia jamaa zako: "Aunty nimekwama hapa hospitali, nitumie elfu mbili kwa hii nambari." Shangazi wa Khayega atatuma, kwa sababu anakupenda. Kwa hivyo mwizi ameshindwa na akaunti yako lakini ameingia ya shangazi.

Halafu benki, ikiwa una programu yake kwa simu hiyo. Baada yake barua pepe: ingia kwa kompyuta ya saiba, badilisha nywila, uiondoe ile simu kwenye akaunti. Ukiwa hapo unaweza pia kuifunga simu yenyewe kutoka mbali. Ukimaliza, usisahau kutoka kwenye akaunti yako kwa ile kompyuta.

Mwisho ni polisi. Toa ripoti, upate nambari ya OB. Ukipoteza kitambulisho pia utahitaji abstrakti. Laini mpya yenye nambari yako ya zamani utaipata kwa mtoa huduma ukionyesha kitambulisho, na pesa zako utazikuta kwenye akaunti. Ukishaipata, angalia taarifa ya miamala na mikopo. Ukiona mkopo usioujua, ripoti siku hiyo hiyo.

Siku tatu baadaye

Usidhani yameisha. Huenda ukapokea meseji kwa laini mpya: "Simu yako imepatikana, bonyeza hapa uione iko wapi." Ama mtu anapiga, sauti laini, "Tunatoka huduma kwa wateja, tumemshika mwizi, tuthibitishie PIN yako turudishe pesa." Huyo ndiye mwizi, ama mwenzake, anatafuta ufunguo aliokosa siku ya kwanza. Sisi hatutakuuliza PIN. Si kwa simu, si kwa meseji, si ofisini. Akiuliza, kata.

Kabla gari halijajaa

Turudi Sigalagala. Makanga bado anasema wawili, na sote tunajua gari litakaa hapo nusu saa. Hiyo nusu saa inakutosha. Keti ndani, mbali na dirisha lililo wazi. Badilisha ile PIN ya mwaka wa kuzaliwa. Ficha meseji za skrini. Mpigie mama umwambie umepanda, na nambari yake uikariri kwa kichwa mara tatu kama shairi la darasa la pili.

PIN ya laini iweke usiku ukifika, ukishaulizia ile ya kwanza. Na ukishafanya kwa simu yako, fanya na kwa ya mama siku ukirudi nyumbani. Yeye ndiye anayetuma karo, na simu yake huenda haina kufuli hata moja.

Safari njema, na mkoba mbele.